Upande wa Mfalme

Walipoutazama ule mkanda kwa mara ya tano, hata mashine ilionekana kuchoka. Ilikohoa, ikakwaruza, kisha ikamtema yule binti kwenye kitambaa cheupe ukutani: gauni jeupe, shali mabegani, uso umefutwa na poda na uchakavu wa filamu. Alisimama ukingoni mwa jukwaa, kushoto mwa kitambaa, akafanya ishara ya msalaba upesiupesi kama mtu anayeiba, kisha akajitokeza akicheza. Baada ya sekunde thelathini na nane akaingia mwanamume, akamnyanyua, akageuka naye. Hapo uso wa mwanamume ulionekana wazi, na hapohapo mkanda ukaisha.

"Huyo ni Valerian Ostrogin," alisema Iraida Klimentievna. "Hilo halina ubishi. Dansi ni ile ya shali, sehemu ya pili ya *Mshumaa wa Fedha*. Na ni ya Warsaw, Saveli Arkhipovich. Hata ukinionyesha mara mia, haitahamia Leningrad."

Saveli Drozdov, mpelelezi wa ofisi ya mwendesha mashtaka, alifunga daftari lake. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa Machi 1957, na mkubwa wake alikuwa amempa hadi Ijumaa. Faili likifungwa siku hiyo, halifunguliwi tena.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kwa namna ya kutia kichefuchefu. Ostrogin, mchezaji wa bale, ile dansi ya jukwaani, alipigwa risasi mwaka 1938 kwa ujasusi. Mashahidi wawili walikuwa wamemtaja. Mwaka jana wote wawili walikiri kwamba walisema uongo kwa kupigwa. Kilichobaki ni huu mkanda, uliokutwa chumbani kwake bila jina wala tarehe, na maoni ya mtaalamu aliyeutazama wakati ule. Katika kila fomu aliyojaza maishani, Ostrogin aliandika kwamba hajawahi kuvuka mpaka. Na ile dansi ya shali ilikuwa na sura mbili. Jijini hapa Leningrad, enzi likiitwa Petersburg, binti alitokea upande wa jukwaa ulioitwa wa Mfalme, hadi bale hiyo ilipoondolewa mwaka 1913. Kisha mwalimu aliyeitunga akahamia Warsaw na mavazi yake na hata pazia zake zilizochorwa, akaionyesha upya mwaka 1921 katika jumba ambalo upande huo wa jukwaa ulikuwa umezibwa kwa matofali. Ilimbidi aipindue dansi nzima: kilichoanzia huku kikaanzia kule. Basi aliyeonekana akiicheza ikiwa imepinduliwa aliichezea Warsaw, na akikana ni mwongo. Mwaka ule, mwongo mwenye Poland mgongoni hakuchelewa kuzikwa.

Mkewe, Serafima, alipelekwa uhamishoni Karaganda kwa kosa la kuwa mkewe. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko huko, na mapafu yake yamekwisha. Bila karatasi ya kumsafisha mume, haruhusiwi kuishi katika jiji hili, na madaktari wa Karaganda wamemwambia binti yake kwa barua kwamba majira ya baridi yajayo hatayaona. Ndiyo sababu Saveli alitazama mkanda wa sekunde hamsini mara tano.

Mtaalamu alikuwa mmoja tu. Iraida Klimentievna alikuwa na miaka sitini na saba, mgongo umenyooka, magoti yameharibika, na katika wote waliowahi kuicheza dansi ya shali ndiye aliyebaki hai upande huu wa mpaka. Tena alikuwa na kila sababu ya kutaka jibu jingine. Serafima alipochukuliwa, ni Iraida aliyemtoa mtoto wao, Agnia, katika kituo cha watoto wa wasaliti na kumlea kama wake. Hata hivyo alisema Warsaw.

"Nazar, rudisha mwanzo," Saveli alisema. "Simamisha pale kwenye msalaba."

Nazar Pakhomov, fundi wa ghala la filamu, alikuwa mtu wa maneno mengi na meno machache. Aliurudisha mkanda kwa mkono akilalamika kwamba taa itauchoma, na ukiungua yeye ndiye atakayemwaga unga. Binti akaganda kitambaani, vidole kwenye paji la uso.

Saveli alikuwa ameshika uzi mmoja tu. Filamu inaweza kupinduliwa. Fundi akiiweka nyuma mbele wakati wa kunakili, kulia kunakuwa kushoto. Kama hii ilipinduliwa, dansi ya Petersburg ingeonekana kama ya Warsaw, na Ostrogin angekuwa amekufa kwa uzembe wa mtu wa maabara. Lakini kama ilipinduliwa, binti angeonekana akijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto.

"Sogeza kidogo. Kidogo tena." Paji la uso, tumbo, bega la kulia, bega la kushoto. Mkono wa kulia, bila wasiwasi wowote.

"Komredi Mpelelezi," Nazar alisema, "kadi ya Chama iko mfukoni, na misalaba unaijua hadi mabega?"

"Bibi yangu hakuwa na kadi. Nilizaliwa wa shoto. Kila nikikosea mkono, kofi."

Nazar alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akarudi kazini. Alichukua kioo cha kukuzia, akauinua mkanda kwenye mwanga wa dirisha na kuzikagua herufi za kiwanda zilizochapwa pembeni. Alichukua muda wake. Akakagua mwanzo, katikati na mwisho, akaupindua, akaurudisha. Herufi zilisomeka sawasawa, na upande wenye picha ulikuwa pale unapotakiwa kuwa. Haukuwa nakala hata kidogo. Ulikuwa ndio mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera. Hakuna aliyeupindua.

Kitumbua kikaingia mchanga. Saveli aliketi akashika tama. Aliuliza kama ishara ile ya msalaba haitoshi yenyewe, maana watu wa Warsaw ni Wakatoliki na huanza bega la kushoto, tofauti na Warusi. Iraida akamjibu kwa upole kwamba nusu ya kundi la Warsaw walikuwa Warusi waliokimbia. Alivaa koti lake akishikilia meza.

"Mwambie Agnia wewe," alisema mlangoni. "Mimi mdomo wa kumwambia sina."

Alhamisi asubuhi Saveli alikwenda kwenye jumba la maonyesho, kwenye chumba cha mavazi ambako Agnia Ostrogina alikuwa mshonaji. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba, na sindano tatu zimechomekwa kolani. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Hakulia. Aliuliza kama mama anaweza kupewa ruhusa ya kuja kwa matibabu tu. Saveli akasema hapana. Akauliza kama anaweza kuuona mkanda, kwa kuwa hakumbuki vizuri uso wa baba yake; Saveli akasema hapana, na safari hii alijichukia. Ili aseme lolote lile, akamwomba amwonyeshe ukumbi ambao baba yake alicheza.

Walisimama katikati ya viti vilivyofunikwa kwa vitambaa vya kijivu. Jukwaa lilikuwa wazi na baridi. Agnia alimwonyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba iliyouzwa: pazia lile lilishonwa upya baada ya vita, sakafu ile ni mpya, taa zile zimebaki.

"Na roshani zile mbili za pembeni ya jukwaa?"

"Ile ya kushoto ilikuwa ya Mfalme. Ya kulia ilikuwa ya Mkurugenzi wa majumba ya kifalme."

Saveli alikwisha kuigeukia njia ya kutokea. Alisimama.

"Ya Mfalme iko kushoto?"

"Kushoto kwetu tulio huku ukumbini. Kwa wanaocheza ni kulia, maana wao wanatutazama sisi."

Saveli aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama, akaushusha. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu bila kuondoa kitambaa. Katika ule mkanda binti alitokea kushoto mwa kitambaa. Kamera ilikuwa humu ukumbini, mahali fulani karibu na kiti hiki, na ilimwona akitokea kushoto, chini ya roshani ya Mfalme. Sura ya Petersburg, kama ilivyotungwa. Mkanda haukupinduliwa, na dansi haikupinduliwa.

"Agnia Valerianovna," alisema taratibu, "nani hapa bado anasema 'upande wa Mfalme' na 'upande wa Mkurugenzi'?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Agnia alitabasamu. Alisema siku hizi ni kulia na kushoto tu. Msimamizi aliyepita aliwahi kukaripiwa mkutanoni kwa kumtaja Mfalme kazini. Waliozoea maneno hayo wote wamekufa, au wako Paris tangu yeye hajazaliwa.

"Amebaki shangazi Iraida peke yake. Hata kikombe cha chai ataniambia kiko upande wa Mfalme, huku kiko mbele ya pua yangu."

Saveli alifungua mkoba, akatoa karatasi moja ya faili na kuiinamia ili Agnia asiisome. Maoni ya Mtaalamu Na. 2, tarehe 19 Machi 1938. Jina lilikuwa limekatwa kwa mkasi, kama walivyofanya siku zile. Alikuwa ameisoma mara kumi na mbili akiamini kwamba anaielewa. *Binti anaingia kutoka upande wa Mkurugenzi, hivyo hii ni dansi ya Warsaw.* Laiti mwandishi angeandika "kushoto", msukuma pazia yeyote wa jumba hili angemsahihisha palepale. Aliandika neno la kizazi chake, na hakuna mpelelezi aliyeuliza Mkurugenzi aliketi wapi. Yeye Saveli pia hakuuliza, hadi leo, kwa bahati.

"Mbona umebadilika rangi?" Agnia aliuliza.

"Sijala tangu jana," alisema. Ulikuwa uongo mbaya, lakini msichana alikuwa na adabu.

Iraida Klimentievna alikuwa amemaliza darasa la mchana. Chumba kilinuka jasho na unga wa utomvu unaopakwa viatuni visiteleze, na ukuta mmoja mzima ulikuwa kioo. Alikuwa amekigeukia kioo, kitambaa shingoni, mkono kwenye upau wa mazoezi. Hakugeuka, alimwona Saveli humo humo kiooni.

"Ulimwambia?"

"Nina swali moja kwanza. Mfalme aliketi wapi?"

Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, kabla hata hajafikiri. "Hapa. Kila mtoto wa shule hii alijua. Ukiingia, jicho la kwanza kwa Mfalme."

Saveli alichukua kiti, akakiweka kioo kikiwa nyuma yake, akamwomba aketi. Iraida alisita. Alisema hajawahi kukaa upande huu wa watazamaji. Enzi zake wasanii walitazama wenzao kutoka pembeni ya pazia, na tangu goti lilipovunjika amefundisha mbele ya kioo miaka thelathini. Aliketi hata hivyo, kwa kuwa magoti yalimwuma. Saveli akaenda hadi kwenye ukuta ule alioonyeshwa sasa hivi.

"Mimi ndiye binti wa shali. Natokea upande wa Mfalme, kama mlivyocheza nyinyi."

Alitembea. Alikuwa mtu mnene, na viatu vyake vilikuwa vya theluji. Iraida akacheka kidogo, akasema anatembea kama kabati linalohamishwa. Kisha akaacha kucheka.

"Rudia," alisema.

Alirudi ukutani, akarudia. Iraida alimfuata kwa macho kutoka mwanzo. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka kumwonyesha Mfalme, ukafika nusu, na hapo ukabaki ukielekea ukuta usio wenyewe.

Saveli alivuta kigoda akaketi karibu naye. Alijua anachomfanyia, na hakukuwa na namna ya kukifanya kwa upole.

"Maisha yako yote umeiona dansi hii ndani ya kioo," alisema. "Kiooni Mfalme yuko kulia. Jukwaani Mfalme yuko kulia. Wakakuwekea kitambaa mbele, ukakitazama kama kioo: kushoto ukadhani ni kwa Mkurugenzi."

"Jana pia," alisema Iraida. "Jana pia nilikitazama hivyo. Nilikuja nikiomba niwe nilikosea, Saveli Arkhipovich. Nikaona yaleyale." Akamgeukia. "Umejuaje kwamba mtaalamu wa mwaka ule ni mimi?"

"Kwa neno 'Mkurugenzi'."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake. Kisha akasimulia bila kuulizwa, kwa sauti ya kawaida kabisa. Walimchukua mchana, kwa heshima. Walimpa chai na sukari. Mkanda ulionyeshwa mara tatu. Yule bwana alimwuliza kama ana uhakika, naye akamjibu kwamba ameicheza dansi hiyo mara sitini na mbili.

"Hakuna aliyenigusa hata kwa ukucha. Wenzangu walisema uongo kwa kupigwa. Mimi nilisema kwa hiari yangu, nikaenda nyumbani nikalala. Nilimkasirikia Valerian. Nikawaza: alikwenda Warsaw, na mimi mwenzake wa jukwaani hakuniambia." Alijifuta midomo. "Wiki moja baadaye walinipigia simu. Mshtakiwa anaomba mtaalamu aonyeshwe mkanda tena. Nikasema haina haja. Mimi sikosei."

Saveli alitoa karatasi mbili alizozipiga taipu mwenyewe mchana ule. Alimweleza kilichomo. Kumsahihisha mtaalamu aliyekosea, sheria ilimtaka mtaalamu yuleyule, kwa jina lake kamili. Akitia saini leo, kesho hukumu inafutwa na Serafima anapanda treni. Asipotia, kesho faili linafungwa. Na nakala moja hupewa familia.

"Agnia ataisoma."

"Ataisoma."

"Njia nyingine hakuna?"

Njia nzima ya kuja hapa Saveli alikuwa ameitafuta hiyo njia nyingine, akarudi mikono mitupu. Alimwambia hivyo. Iraida aliomba kalamu, akaenda kwenye piano, akatia saini juu ya kifuniko chake, jina zima.

"Ningekwenda ile mara ya pili," aliuliza akiwa amempa mgongo, "ningegundua?"

Angeweza kumdanganya. "Sijui," alisema.

Saa kumi Agnia aliingia, kama kila Alhamisi, kumsaidia shangazi yake ngazi. Alimkuta Saveli, akasimama. Iraida alimpa karatasi yeye mwenyewe na kumwambia asome yote, asiruke. Msichana alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Alishika mdomo, kisha akalia kwa sauti, akasema mama anakuja, mama anakuja nyumbani, akamkumbatia bibi huyo kwa mkono mmoja huku mwingine ungali na karatasi. Iraida hakumkumbatia. Alisubiri.

Agnia akafungua ukurasa wa pili.

Alisoma taratibu, na mahali fulani katikati mkono wake ulimwachia shangazi. Alirudi juu, akasoma tena.

"Tarehe kumi na tisa Machi," alisema. "Ulikuja kunichukua kituoni mwezi wa Aprili. Ulikuja na keki za tangawizi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshasema."

"Nilikuwa nimeshasema."

"Sasa ulinichukulia nini?"

"Niliamini nimesema kweli, Agnia. Na kweli yangu ilikuwa imeacha mtoto."

Msichana aliitazama karatasi kama inayoweza kubadilika. Alisema, si kwa yeyote, kwamba mama yake humalizia kila barua kwa maneno yaleyale: mbusu Iraida mikono yake kwa niaba yangu. Miaka kumi na tisa amembusu. Saveli alitazama sakafu. Alitamani kuwe na mtu wa kumkamata, mnafiki, mchochezi, yeyote, na chumbani mlikuwa na bibi kizee mwenye magoti mabovu ambaye hakuwahi kusema uongo.

"Inafika lini Karaganda?" Agnia alimwuliza.

"Wiki mbili. Nikipiga simu, moja."

"Piga simu."

Alikunja karatasi, akaitia kifuani. Alichukua koti la Iraida kwenye msumari, akamletea, akaliweka magotini mwake kwa uangalifu, kola ikiwa juu. Kisha akatoka. Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi za mawe, orofa baada ya orofa, hadi mlango wa chini ulipofungwa.

"Kumbe anashuka haraka namna hii," alisema Iraida Klimentievna. "Siku zote alikuwa ananisubiri."